Mtoto wa tambarare nimealikwa BikePark Wales, nitarudi mzima?

NgoshaWaTambarare, Birmingham

Wakuu, heshima kwenu.

Hapa ghalani ninapofanya kazi kuna jamaa wawili ambao kila Jumatatu wanakuja na michubuko mipya. Wikendi zao zote ni baiskeli na matope. Juzi wakati wa chai nikawaambia hizo baiskeli mnazozisifia mimi nimekulia juu yake. Nikawapa habari za Shinyanga, jinsi baiskeli inavyobeba abiria mjini, jinsi mimi mwenyewe baada ya kidato cha nne nilivyokula mwaka mzima kwa kubeba watu kutoka stendi, mto wa sponji kwenye keria, mama na mtoto na kuku wake. Nilinogesha kidogo, sikatai. Basi wakaangaliana, mmoja akasema mwenzetu kaahirisha, Jumapili ijayo tunakwenda BikePark Wales, kule Merthyr Tydfil, kilima chenye njia za kushukia kwa baiskeli, nafasi yake ipo, njoo utuoneshe.

Nikajibu nitakuja. Usiku nikafungua video za huko. Wakuu, mtu anashuka mlimani katikati ya miti kama ameiba kitu. Kona zimejengewa kuta. Kuna sehemu baiskeli inapaa, magurudumu yote mawili hayagusi chini, na mwenyewe katulia tu kama yuko sebuleni.

Mimi nina miaka 41 na kilo 94. Shinyanga mteremko wangu mkubwa ulikuwa kushuka tuta la reli. Hapa Birmingham nina baiskeli ya kwendea kazini, gia saba, ina kikapu. Naombeni msaada: niende na hiyo yangu au nikodi ya kwao? Nasikia njia zina rangi kufuata ugumu wake, kuanzia kijani, bluu, nyekundu hadi nyeusi. Mtu wa aina yangu anaanzia wapi? Na lile gari la kupandisha watu juu, ni la wavivu au ndio utaratibu? Kughairi siwezi tena, nimeshajisifu.

MamaZamuYaUsiku, Leeds

Kaka Ngosha, mimi baiskeli siijui, ninayoijua ni wodi ya mifupa. Majira ya joto, Jumapili jioni, wanaletwa wamevaa hivyo hivyo na matope yao. Wengi ni mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, kwa sababu mtu akianguka ananyoosha mkono kujikinga, na uzito wote unaishia begani. Ukivunjika mtulinga sahau kunyanyua maboksi kwa wiki nyingi. Mwajiri wako anakulipa siku za kuugua? Hilo uliza kabla ya Jumapili, usiulize Jumatatu.

Sikukatazi. Vaa kila watakachokupa, hata kama unaona aibu.

MgosiWaSoni, Cardiff

Ngosha, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu. Mwaka jana mwezi wa Mei mtu huyo nilikuwa mimi, ila wewe una akili ya kuogopa. Mimi sikuwa nayo.

Nimezaliwa Soni. Anayeijua barabara ya Lushoto kushuka Mombo ananielewa: kilomita kama 33, juu Lushoto uko mita 1,400 hivi kwenye ubaridi, chini Mombo unapokewa na joto na mkonge. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, kona juu ya kona. Sisi tulikuwa tunashusha kabichi kwa baiskeli. Phoenix, keria imechomelewa nondo, tenga limekazwa kwa mipira ya tyubu, breki za vyuma ambazo mvua ikinyesha ni mapambo. Breki yenyewe ilikuwa kandambili: unakandamiza tairi kwa soli mpaka inanuka. Nilishuka hivyo miaka mitatu na nilianguka mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa namkwepa mbuzi.

Kwa hiyo siku naenda Merthyr sikuwa na wasiwasi hata chembe. Tulitoka Cardiff kwa barabara ya A470, mimi na vijana wawili tunaocheza nao mpira. Ukikaribia kufika, kushoto ng'ambo ya bonde, unaona kwenye kilima safu za matao meupe. Dereva akapunguza redio. Ni makaburi ya Aberfan. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka asubuhi likafunika shule ya msingi. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Mimi ni mtu wa milimani, najua udongo uliolowa unavyoweza kuamka. Sikuongea mpaka tunaegesha. Wewe ukitokea Birmingham huenda usipite upande ule, lakini ujue ni bonde gani unaloingia. Ni la chuma na makaa, na injini ya mvuke ya kwanza kuvuta mzigo kwenye reli ilitembea hapo hapo Merthyr mwaka 1804. Watu wake wanaongea sana na hawana makuu.

Sehemu yenyewe iko kwenye msitu wa Gethin, ilifunguliwa 2013. Nilichokikuta nje ni vitoto vya miaka kumi vimevaa helmeti za kufunika mpaka kidevu, magoti na viwiko vimefungwa vikinga vya plastiki. Nikasema moyoni, hawa wanajiandaa kwenda vitani au kushuka kilima?

Baiskeli niliyokodi ilinichanganya. Matairi mapana, hayana tyubu, ndani kuna uji mweupe wa gundi unaoziba tundu wenyewe. Upepo mdogo mno. Nikamwomba kijana aongeze, akacheka akakataa. Kwetu tairi lisipolia ukiligonga unamwita fundi. Shokapu mbele, shokapu nyuma. Kwenye usukani kuna kitufe, unabonyeza kiti kinazama kama cha kinyozi. Breki za mafuta. Kijana akasema kidole kimoja tu, na mkono wa kulia ndio breki ya mbele. Nikamwitikia kwa heshima. Lakini Phoenix unaibana kwa vidole vinne na bado unamwomba Mungu, kidole kimoja kitashika nini?

Tukapanda kipanya, kinavuta trela lenye baiskeli zetu, na baada ya muda mfupi mko juu. Juu kwenyewe ni chini kidogo ya mita 500. Soni kwetu ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na sisi Lushoto wanatuita wa chini. Wenzangu wakasema tuanze na Kermit, njia ya kijani. Nikakataa. Tukaingia Sixtapod, ya bluu.

Kona ya kwanza nikapita. Ya pili nikapita, moyo uko kooni. Kona hizo zimejengewa ukuta wa udongo upande wa nje. Ukiwa na mwendo unapanda ukutani, unakushika, unakurudisha njiani, lakini mwendo lazima uwe nao. Mimi katikati ya kona ya tatu nikafanya kile nilichofanya miaka yote: nikakaa vizuri kitini, nikarudisha uzito nyuma, nikabana. Vidole vinne, mikono yote miwili. Breki za mafuta hazina utani. Baiskeli ilisimama. Mimi sikusimama.

Nilitua kwa bega la kushoto, helmeti ikagonga chini, nikasikia mlio wake ndani ya kichwa kama mtu amefunga mlango. Binti wa miaka kama kumi na miwili akanipita akiniuliza kama niko salama, wala hakugusa breki. Sehemu iliyobaki nikaikokota. Ndiyo, nimekokota baiskeli kwenye mteremko, mimi wa Soni, na watu wakipita wananipa pole.

Safari ya pili kwenye kipanya nikakaa karibu na mzee mmoja wa pale pale Merthyr, ndevu nyeupe, goti moja la bandia kwa maelezo yake mwenyewe. Kumbe alikuwa ameniona. Akaniuliza, kwa nini unakaa? Nikamweleza habari za kabichi. Nikamwambia ukiwa na kilo 80 mgongoni, ukisimama tenga linakuyumbisha na korongo liko hapo. Kwa hiyo unakaa, unajikaza, unakuwa kitu kimoja na fremu. Akafikiri kidogo, akauliza, na leo tenga liko wapi?

Nikanyamaza. Tenga nilikuwa mimi.

Ngosha, mengine yote sahau lakini hili lishike, maana wewe na mimi tumefundishwa na mzigo. Mwili wetu unaamini uzito umefungwa kwenye keria na kazi yetu ni kutoutikisa. Wewe ulikuwa unamlinda mama na kuku wake. Huku nyuma yako hakuna mtu. Zamisha kiti. Simama juu ya pedali, zote mbili usawa, ya chini isije ikagonga mzizi. Magoti na viwiko vikunjwe, visigino vishuke kidogo, uiache baiskeli iruke-ruke chini yako na wewe ubaki umetulia juu yake. Breki imalize kabla ya kona, ukiwa ndani ya kona achia. Na macho yatazame pale kona inapoishia. Ukitazama kisiki utakwenda kwenye kisiki. Hili hata Mombo lilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nimesahau tu.

Mzee akanishusha Kermit yote, yeye mbele mimi nyuma. Inazunguka-zunguka msituni, inakatiza barabara za magari ya msitu, haina pa kuruka kama hutaki kuruka. Kwenye kona moja yenye ukuta mrefu sikugusa breki kabisa. Baiskeli ikalala, mimi nikabaki nimeinuka kidogo, ukuta ukanipokea ukanitema upande wa pili na mwendo ule ule niliokuja nao. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, nadhani kilikuwa Kisambaa.

Saa saba ikaanza ile mvua ya Wales ambayo huioni ikinyesha ila unalowa. Nilikuwa nimebeba chapati na mayai ya kuchemsha. Nikashindwa kumenya yai. Vidole vilikuwa havifungi wala havifunguki, misuli ya kati ya kiwiko na kiganja imekuwa migumu kama mti. Usidhani kwa kuwa unapandishwa na gari hutachoka. Unachoka mikono, na mikono ikichoka ndipo unapoanza kushika breki vibaya, ukishika vibaya unaanguka. Mimi nilipumzika saa nzima, na sioni aibu kuisema.

Mchana nikarudi Sixtapod nikapita ile kona ya tatu. Halafu wakanipeleka Popty Ping, nayo bluu. Jina hilo ni utani wa Kiwelshi kwa maikrowevu, oveni inayosema ping. Ina matuta yaliyokatwa bapa kwa juu. Ukiwa na mwendo unaruka, ukiwa huna unabingirika juu yake tu, hakuna shimo katikati la kukumeza. Mimi nilibingirika. Niliruka moja bila kukusudia. Jumla nilishuka mara saba.

Majibu yako sasa. Baiskeli ya kikapu iache nyumbani. Kodi ya kwao, yenye shokapu mbili, na uagize mapema kwa sababu za saizi kubwa zinaisha. Kodi na vikinga vya magoti na helmeti ya kufunika kidevu. Anza kijani mara mbili au tatu bila kujali nani anacheka, ndipo uingie bluu. Wenzako wakikuita kwenye A470, hiyo siyo barabara uliyokuja nayo, ni njia nyekundu iliyopewa jina la barabara, matuta ya kuruka mwanzo hadi mwisho. Kaa pembeni uwapige picha. Nafasi za gari huwa zinajaa, lakini yako umeshasema ipo. Chukua nguo za kubadilisha, soksi zaidi ya jozi moja, na mfuko wa nailoni wa kukalia kwenye gari wakati wa kurudi.

Na ngosha na mgosi ni neno moja, mwanamume. Usituaibishe.

KaruraKilaJumamosi, Nairobi

Hamjambo. Mimi huendesha Karura kila Jumamosi na sijawahi kulipia gari linipandishe popote. Samahani Mgosi, lakini hapo nimeshangaa. Kupanda ndio mazoezi yenyewe! Ukibebwa hadi juu halafu ushuke, hiyo si bembea?

Kwa Ngosha: kabla ya Jumapili tafuta msitu wowote karibu nawe ujaribu hizo kona polepole. Mimi nilianza hivyo, baiskeli ya kukodi pale langoni, nikizunguka kwa kufuata nambari za makutano zilizoandikwa kwenye nguzo. Karura si mlima. Ni msitu ulio ndani ya jiji, hekta zaidi ya 1,000, ambao tungekuwa tunauita mtaa wa kifahari leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangesimama kidete hadi wakapigwa, mwaka wa 1999. Basi huko nimefunzwa na mizizi na udongo mwekundu uliolowa. Mzizi ukiulalia pembe unakuangusha hata ukiwa mwendo wa kuku. Uvuke ukiwa umenyooka, bila breki.

MgosiWaSoni

Dada, umenena kuhusu mizizi. Kuhusu gari, nilikuwa na wazo kama lako. Nilirudi Agosti bila tiketi ya gari, nikapanda kwa miguu yangu. Kuna njia maalumu ya kupandia, inaitwa Beast of Burden, na jina halidanganyi, punda wa mizigo ndiye mimi. Nilipofika juu miguu inatetemeka, na ile kazi ya kusimama kwenye pedali ndiyo inayotaka miguu. Nilishuka mara mbili, ya pili vibaya. Kwa mtu anayejifunza kushuka, bora anunue mishuko mingi na miguu mibichi. Akishajua, apande hata kwa magoti.

Bembea nimeipenda lakini.

KaruraKilaJumamosi

Nimekubali nusu.

MwanaWaChukudu, Goma

Wandugu, miye nasoma hii habari nacheka. Huku Goma tuko na chukudu, ile baiskeli ya mbao bila pedali, gurudumu za mbao zimevalishwa mpira wa tairi. Inatoka juu milimani na viazi, na makaa, mzigo kuliko mtu watatu, goti moja liko juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma. Kushuka sasa, breki ni kipande cha tairi nyuma, unakikanyaga. Mjini wameiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Kaka yangu mkubwa alinunua shamba na chukudu.

Ninataka kuuliza Mgosi: ile mzee alisema tenga ni wewe. Kwa chukudu ni kinyume. Mzigo njo unaendesha, wewe unaufuata tu. Kama mzigo umefungwa vibaya juu, hata uwe fundi namna gani, chini utafika mbele ya viazi vyako. Sasa huyu Ngosha na kilo 94, mtu hawezi kumfunga vizuri kwanza?

MamaZamuYaUsiku

Mwana wa Chukudu umenimaliza. Mpaka mgonjwa wa kitanda cha nne ameamka.

NgoshaWaTambarare

Wakuu, nimerudi. Leo Jumatatu usiku, naandika kwa kidole kimoja.

Nilifanya kama mlivyosema. Msitu wa mazoezi sikuupata, lakini Jumatano na Alhamisi jioni nilikwenda kwenye bustani ya karibu na nyumbani, nikasimama juu ya pedali za baiskeli ya kikapu nikishuka kilima cha nyasi kama mwehu. Watoto wakanifuata. Siku ya pili mmoja wao alikuwa ananisahihisha viwiko.

Merthyr tulifika saa tatu na nusu, mvua, ukungu, mlima hauonekani. Nikakodi kila kitu, hadi glavu. Wenzangu kwa heshima yangu ya Shinyanga walitaka tuanze moja kwa moja na bluu. Nikawaambia mwalimu wangu amenikataza. Wakauliza mwalimu gani? Nikasema mtu wa kabichi.

Kermit mara nne. Ya kwanza nilikaa kitini nusu ya njia, mwili haukubali kabisa, kila mtikisiko mkono unataka kwenda nyuma kumshika abiria ambaye hayupo. Sikutanii, Mgosi, mkono ulikuwa unaachia usukani. Miaka 20 na kitu imepita na bado mkono unamtafuta yule mama. Ya pili nikasimama. Ya tatu nikaachia breki kwenye kona moja, nikajua ulipiga kelele ya nini. Yangu ilikuwa Kisukuma, nina hakika, kwa sababu mmoja wa wenzangu aliniuliza maana yake na sikuweza kumtafsiria mbele ya watoto.

Mchana Sixtapod mara moja. Ile kona ya tatu niliihesabu tangu juu, nikaipita polepole kama bibi harusi. Popty Ping waliniita nikakataa, mikono ilikuwa imekwisha. Wao wakaenda A470 na mimi nikawapiga picha pembeni, moja imetoka vizuri, yuko hewani kabisa na mdomo wazi.

Kuanguka nilianguka. Lakini siyo njiani. Ilikuwa chini, mwisho wa siku, sehemu tambarare kama Shinyanga yenyewe, nasubiri foleni ya kuosha baiskeli. Nilikuwa nimebonyeza kile kitufe, kiti kikapanda bila mimi kujua, nikataka kukanyaga chini, chini haipo. Nililala ubavu mbele ya watu kama thelathini. Walipiga makofi.

Dada wa Leeds, mtulinga uko salama, nimeupapasa.

MamaZamuYaUsiku

Alhamdulillahi. Na kazini leo ulikwenda?

NgoshaWaTambarare

Nilikwenda. Chai nilinywa kwa kushika kikombe na viganja viwili. Foklifti nimeiendesha kidole kimoja kwenye kila nyenzo, na msimamizi kaniambia sijawahi kuiendesha vizuri hivyo.